Mlango wa Mashine ya Mwanjelwa

SHIRIKA LA UMEME WA MABONDE
Ofisi ya Hesabu, Iringa
4 Agosti 1975

Ndugu Nyamizi Budeba,
Mashine ya Kusaga, Mwanjelwa, Mbeya.

YAH: ANKARA YA NYUMA, MITA NAMBA 3317

Mafundi wetu walipokagua mashine yako tarehe 3 Juni walikuta kisahani cha mita hakizunguki. Mita hiyo imebadilishwa. Kumbukumbu zinaonyesha kwamba tangu Aprili 1974 hadi Mei 1975 ulilipa shilingi 11/= tu kila mwezi, kiasi cha mtu mwenye taa mbili.

Mita mpya imeonyesha kuwa mwezi Julai ulitumia umeme wa shilingi 204/=. Kwa hiyo miezi kumi na minne imekadiriwa kwa kiwango hicho, jumla shilingi 2,856/=. Ukitoa 154/= ulizokwisha lipa, unadaiwa 2,702/=. Zilipwe kabla ya tarehe 31 Agosti. Ukishindwa, waya utakatwa.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Liberatus Kalinga
Karani wa Ankara


Mwanjelwa, Mbeya
15 Agosti 1975

Ndugu Kalinga,

Barua yako nimeisoma mwenyewe. Nasema hivyo usije ukadhani nimesomewa na mtu nikaelewa nusu. Nimehitimu kisomo cha watu wazima mwezi wa sita. Mwalimu Apolonia amenisahihishia nukta tu, maneno ni yangu na hasira ni yangu.

Mita ni ya nani? Ni yenu. Sanduku lenu, lakiri yenu, ufunguo mnao nyinyi, na mimi nikiligusa mnanifunga. Sasa kitu chenu kimelala usingizi miezi kumi na minne, anayeamshwa kulipa ni mimi? Nikikuuzia unga kwa mizani mbovu, mwaka ukiisha nikakufuata Iringa kukwambia ulikula zaidi ya ulicholipa, utanikaribisha ndani wewe?

Tena mlikuwa na kijana wenu wa kusoma mita, Danieli. Kila mwezi alikuja. Sanduku hakulifungua hata siku moja, maana nyigu wamejenga humo naye anawaogopa. Alikaa kizingitini akala karanga zangu, akaandika kitabuni mwake. Nikamwuliza unaandika nini bila kuangalia? Akasema, "Mama, mita yako naijua kwa mlio."

Na huo mwezi wa Julai uliouchukua! Mtu yeyote mwenye mama anayepika anajua Julai ni mavuno. Watu wanatoka hadi Mbalizi na magunia kichwani, foleni inazunguka nyumba. Je, Novemba hadi Aprili nani hapa alikuwa na mahindi? Tulipanga foleni ya yanga, unga ule wa njano wa Marekani, na ulikuja umeshasagwa huko kwao. Mashine yangu ilikaa kimya mpaka kuku akatagia mdomoni mwake. Au na nyinyi Iringa mlikuwa mnakula nini mwaka jana, keki?

Ujue pia mota ile ni nini. Sisi tulihama Usukuma na mifugo yetu tukashukia Usangu. Marehemu mume wangu aliacha ng'ombe kumi na mmoja kwa ajili ya mahari ya mwanangu Malimi. Niliwauza, nikanunua mota, nikaahidi mbele ya ukoo kwamba mashine itawarudisha. Wakwe wamengoja miaka miwili. Sasa wamesema mwisho Desemba, baada ya hapo binti anakwenda kwa mwingine. Ukikata huo waya hunikati mimi, unakata ndoa ya Malimi.

Silipi.

Nyamizi Budeba, mwenye mashine


SHIRIKA LA UMEME WA MABONDE
Ofisi ya Hesabu, Iringa
27 Agosti 1975

Ndugu Nyamizi Budeba,

Matusi yako yamepokelewa na kuwekwa kwenye faili.

Ofisi hii haihusiki na ndoa. Inahusika na umeme, na umeme uliutumia. Msoma mita wetu ni kijana mwaminifu, na kila mwezi ametia sahihi kwamba amesoma. Hadithi za nyigu wasimulie wajukuu. Wakati wananchi wanajenga nchi kwa jasho, wako kupe wachache wenye mashine zao wanaotaka kusaga kwa umeme wa bure, na wakiguswa wanalia njaa.

Makadirio yamefanywa kwa utaratibu. Unaweza kuyapinga kwa njia moja tu: lete kumbukumbu ya kila debe ulilosaga kwa miezi yote kumi na minne, iliyoandikwa siku hizo hizo, si leo. Iletwe yenyewe. Nakala haikubaliwi. Kwa kuwa mwenyewe umejitangaza kuwa umejua kuandika Juni mwaka huu, nadhani umenielewa.

Nimekuongezea muda hadi tarehe 30 Septemba. Hautaongezwa tena.

Wako katika ujenzi wa taifa,
L. Kalinga


Mwanjelwa
6 Septemba 1975

Ndugu Kalinga,

Uliandika ile barua ukicheka, nimekusikia mpaka huku. Ulijua sikuwa na daftari. Kweli, daftari sikuwa nalo. Lakini aliyekwambia kwamba asiyejua kusoma hajui kuhesabu ni nani? Baba yangu alikuwa na ng'ombe mia mbili, hakuwahi kushika kalamu, na hakuna ndama aliyempotea.

Hesabu zangu ziko kwenye mlango wa mashine, upande wa ndani. Nilikuwa nachora kwa msumari kila debe linapoingia. Umesema nakala hutaki, unataka kumbukumbu yenyewe. Haya. Leo asubuhi Malimi ameng'oa mlango kwenye bawaba zake, tumeufunga kwa magunia na kuupandisha juu ya basi. Nauli shilingi kumi na mbili nimelipa mimi. Kondakta amenipa karatasi ya mzigo, nakala ninayo. Mashine nimeiachia ngozi ya ng'ombe kuwa pazia mpaka utakapomaliza kusoma.

Usome hivi. Mstari mrefu wa kulala ni mwisho wa mwezi. Kijiti kimoja ni debe moja. Ukiona nafasi haina kitu chochote, hiyo ni yanga. Halafu chini ya kila mwezi kuna kamsalaba kamoja. Hiyo siyo dini. Ni gunia la pumba alilochukua Danieli wenu bila kulipa. Alisema ni la nguruwe wa mjomba wake huko Iringa. Nilimpa kila mwezi, hata miezi ya yanga kutoka pumba za akiba, maana mtu wa mita ukimnyima pumba hujui ataandika nini. Kumbe hata ukimpa hujui.

Ukimaliza kusoma nirudishie mlango wangu haraka. Hapa si kanisani, wezi wapo.

Nyamizi Budeba


Iringa
12 Septemba 1975

Mpwa wangu Danieli,

Barua hii ukishaisoma ichome.

Wewe mtoto una akili au una pumba hizo hizo kichwani? Niliposema unitafutie chakula cha nguruwe sikusema ukakitafute kwa mteja, tena kila mwezi, tena ujieleze ni cha nani! Na mita hukusoma. Miezi kumi na minne! Mimi nilikuombea kazi hii kwa sababu mama yako ni dada yangu. Barua ya kukudhamini ina sahihi yangu. Nyigu, Danieli? Mwanamume wa Kihehe anakimbia nyigu?

Mwanamke yule ameleta mlango. Sisemi mfano, ni mlango mzima wa mbao. Bahati, wakala wa basi alipopiga simu ofisini niliyepokea ni mimi. Nilikwenda stendi mwenyewe nikatia sahihi, nikaupeleka nyumbani kwa mkokoteni. Mke wangu Evarista nimemwambia nimeununua kwa fundi.

Nimeuhesabu mara mbili. Misalaba ni kumi na minne, na yote naikumbuka, maana kila gunia lilifika kwangu. Madebe nayo nimeyahesabu. Mama huyo hasemi uongo. Umeme alioutumia ni wa shilingi mia saba kumi na mbili, basi. Lakini nikiupokea mlango kwenye faili, Meneja atauliza misalaba ni nini. Sasa utajibu wewe au nitajibu mimi?

Kwa hiyo mlango haujafika. Nimeuweka mahali ambapo mtu wa ofisi hawezi kuchungulia. Wewe funga mdomo.

Mjomba wako,
Liberatus


SHIRIKA LA UMEME WA MABONDE
Ofisi ya Hesabu, Iringa
19 Septemba 1975

Ndugu Nyamizi Budeba,

Ofisi hii haijapokea mlango wowote. Wala haikuwahi kuomba mlango.

Kwa kuwa hakuna ushahidi, ankara ya 2,702/= inabaki palepale. Tarehe ni ile ile.

Wako katika ujenzi wa taifa,
L. Kalinga


Mwanjelwa
25 Septemba 1975

Kalinga,

Undugu tumeumaliza.

Nimekwenda kwa kondakta. Karatasi ya mzigo imerudi kutoka Iringa na sahihi ya aliyepokea: L. Kalinga, tarehe 9 Septemba. Mkia wa hiyo g ni ule ule ulio kwenye barua zako zote, ninazo tatu mezani. Kuna Kalinga wangapi hapo ofisini wanaongojea milango?

Juzi wezi wamepita kwenye ngozi ya ng'ombe wakachukua mikanda miwili ya mashine. Mikanda hiyo ni shilingi mia na themanini, nimekopa kwa Mwarabu wa duka. Malimi anakaa nje ya mashine na fimbo yake anaangalia barabara, na mimi mama yake sijui nimwambie nini. Nilimwahidi mbele ya ukoo, Kalinga. Watu wazima walinisikia.

Deni la haki nisingelikataa. Kama ungeniambia, mama, ulitumia kadhaa, tukae tuhesabu, ningelipa kidogokidogo. Wewe umeiba hesabu zangu. Mwizi wa mikanda afadhali, yeye huko aliko anajua kwamba ni mwizi.

Nirudishie mlango.

Nyamizi


SHIRIKA LA UMEME WA MABONDE
1 Oktoba 1975

Kwa: Kituo cha Mbeya
Kata umeme, mita 3317, Mwanjelwa. Deni halijalipwa. Kazi ifanyike leo.

L. Kalinga


Mbeya
3 Oktoba 1975

Kamwene mjomba,

Barua ya kukata umeme ilifika, na msimamizi akanituma mimi, kwa sababu najua nyumba. Nimekata. Nakuandikia uyajue yaliyotokea kabla hujayasikia kwa mwingine.

Nilifika saa nne asubuhi. Nilidhani atanifukuza kwa mti. Mjomba, aliniwekea kiti. Akaniletea karanga kama siku zote. Nikapanda ngazi nikakata waya, na wale nyigu hawakuniuma hata mmoja. Nilipoteremka nikakuta amenifungia gunia la pumba. Akasema, "Chukua mwanangu, ndilo la mwisho, mashine haisagi tena. Msalimie mjomba wako. Anaitwa nani, nimwombee?"

Ningesema nini? Mama wa watu ameniweka kwenye kiti chake, amenilisha, nimemkatia waya, na bado ananiuliza kwa upole. Nikamwambia. Nikataja jina lako na mtaa.

Hakupiga kelele. Akamwita Malimi, akamwambia kwa Kisukuma jambo ambalo sikulielewa. Gunia nimeliacha palepale.

Mimi nikiulizwa na Meneja nitasema kweli. Nimechoka kuandika nisichokiona.

Mpwa wako,
Danieli


Mwanjelwa
10 Oktoba 1975

Kalinga,

Jumatano tulikuwa kwako, mimi na Malimi. Wewe ulikuwa kazini, unajenga taifa.

Mkeo Evarista ni mtu mwema. Alituchemshia chai, akatukatia na mkate. Nilimwomba anionyeshe nguruwe, maana nguruwe huyo nimemlisha mwaka mzima na sura yake siijui. Akatupeleka nyuma. Kumbe mlango wangu ni mlango wa banda lake! Umeutundika juu chini, alama kwa ndani, nguruwe anajikunia mgongo kwenye mwezi wa Januari. Mkeo akaniuliza, "Hivi vijiti ni nini? Mume wangu anasema ni urembo wa fundi." Nikamweleza vijiti. Nikamweleza na misalaba. Tukaihesabu pamoja, yeye akiinama na mimi nikiinama, na tulipofika kumi na minne akaingia ndani kufunga mizigo yake.

Mlango sikuung'oa, ingawa Malimi alitaka. Nataka uung'oe wewe.

Sasa kwa kuwa umenifundisha namna ya kutengeneza ankara ya nyuma, nami nimetengeneza. Isome.

YAH: ANKARA YA NYUMA, NGURUWE MMOJA

Kumbukumbu zinaonyesha kwamba tangu Aprili 1974 hadi Mei 1975 nguruwe wako alikula pumba bila kulipa. Nimechukua gunia kubwa kuliko yote, lile la Julai, ambalo sokoni hapa ni shilingi 9/=, nikazidisha mara kumi na nne. Jumla 126/=. Magunia mengine yalikuwa madogo, najua. Ni makadirio. Kama unayapinga, lete kumbukumbu ya kila gunia iliyoandikwa siku hizo hizo. Nauli ya mlango 12/=. Mikanda miwili 180/=. Jumla unadaiwa 318/=. Ukitoa ulizokwisha lipa, ambazo hazipo, ni 318/= hizo hizo.

Zilipwe kabla ya tarehe 31 Oktoba. Waya urudishwe. Bili yangu ihesabiwe upya kwa mlango. Ukishindwa, ankara hii itakwenda kwa Meneja pamoja na karatasi ya mzigo.

Wazee walisema mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Wewe hata nguruwe umemfanyia ngao kwa mlango wangu.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Nyamizi Budeba
Karani wa Ankara, Mwanjelwa


SHIRIKA LA UMEME WA MABONDE
Ofisi ya Hesabu, Iringa
24 Oktoba 1975

Ndugu Nyamizi Budeba,

YAH: MITA NAMBA 3317

Baada ya uchunguzi zaidi ofisi imegundua hitilafu ndogo katika makadirio. Matumizi yako halisi kwa miezi iliyotajwa ni shilingi 712/=. Ukitoa 154/= ulizokwisha lipa, unadaiwa 558/=, ambazo unaweza kulipa kwa miezi kumi. Kituo cha Mbeya kimeagizwa kuunganisha waya.

Mlango umepatikana. Umetumwa kwa basi jana, nauli imelipwa.

Wako katika ujenzi wa taifa,
L. Kalinga

Mama Malimi, haya naandika kwa mkono wangu, hayamo kwenye faili. Shilingi 318/= nimezituma kwa hawala ya posta. Nguruwe nimemwuza nizipate. Evarista amekwenda kwao Ilula tangu siku ile mliyokuja, na hajasema atarudi lini. Nina watoto wanne. Nimefanya yote uliyotaka, na siku saba kabla ya tarehe yako. Nakuomba kama mtoto anavyomwomba mama yake, karatasi zile zisifike kwa Meneja. Nimekosa. Ni nyigu tu waliotufikisha hapa.


Mwanjelwa
3 Novemba 1975

Kalinga,

Mlango umefika, hawala imefika, waya umerudi. Fundi aliyekuja kuunganisha alifungua sanduku kwanza na kuwatimua nyigu kwa moshi wa magunzi. Ilimchukua muda wa kunywa chai.

Mlango ulikuwa unanuka. Nimeuosha kwa majivu siku mbili. Mwezi wa Januari umelika kidogo kwa yule nguruwe, lakini Januari haikuwa na kitu, ilikuwa yanga.

Usiwasingizie nyigu. Nyigu walijenga nyumba yao, na Danieli aliogopa kuumwa, na hayo naweza kuyasamehe. Wewe ulihesabu mlango wangu mara mbili, Danieli ameniambia. Ulijua ni mia saba kumi na mbili tangu mwezi wa tisa. Uliujua ukweli wote kwa mkono wako, kisha ukaandika kata leo. Hapo hakukuwa na nyigu.

Danieli alikwenda kwa Meneja mwenyewe kabla hata sijamtuma mtu, akasema yake, akaacha kazi. Yako hakuyasema, alisema hayo ni ya mjomba wake. Sasa yuko kwangu, anaangalia mikanda, na kila debe linaloingia analiangalia kwa macho ndipo anachora. Mshahara wake nimeukata kwenye mia tatu kumi na nane zako, miezi ya mwanzo.

Ng'ombe sita ambao mashine ilikwisha warudisha wamekwenda kwa wakwe, na watano waliobaki wakwe wenyewe wamekubali kuwangojea hadi mavuno. Hawakusukumwa na hela. Malimi aliwapelekea mlango wenyewe kwa punda hadi Usangu, akawaonyesha vijiti, wakahesabu, wakaona mama yake hakuwadanganya. Harusi ni Desemba.

Umeniomba karatasi zisifike kwa Meneja. Umechelewa. Nilizituma siku ile ile niliyokuandikia, tarehe kumi, kwa rejista. Nilikupa mpaka thelathini na moja, ni kweli, na wewe uliniambia unataka kumbukumbu ya kila debe, nikakuletea. Kila mmoja wetu ameandika barua aliyojua si ya kweli. Yangu ni hiyo moja.

Evarista nilimwandikia Ilula. Nilimwambia arudi kwa watoto, si kwako.

Sitaki jibu.

Nyamizi Budeba